Anayeweza Kusema Hapana na Kesho Akarudi Kazini

Tarehe 5 Desemba 1936 Umoja wa Kisovieti ulipitisha katiba mpya. Ukiisoma leo bila kujua yaliyofuata, itakuvutia. Ibara ya 125 iliahidi uhuru wa kusema, uhuru wa magazeti, uhuru wa kukutana na kuandamana. Ibara ya 127 ilitamka kwamba hakuna mtu atakayekamatwa ila kwa uamuzi wa mahakama au idhini ya mwendesha mashtaka. Ibara ya 112 ilisema majaji wako huru na wanaitii sheria peke yake.

Katiba hiyo haikuwa imetimiza hata mwaka pale amri namba 00447 ya polisi wa siri ilipotolewa, mwishoni mwa Julai 1937. Kila mkoa ulipangiwa idadi ya watu wa kupigwa risasi na idadi ya watu wa kupelekwa kambini. Waliotoa hukumu waliitwa troika, yaani watu watatu: mkuu wa polisi wa siri wa mkoa, katibu wa chama na mwendesha mashtaka. Walikaa meza moja wakapitia majina. Mtuhumiwa hayupo, wakili hayupo, rufaa haipo. Kumbukumbu za dola yenyewe zinaonyesha kwamba mwaka 1937 na 1938 watu zaidi ya 680,000 waliuawa kwa kile kilichoitwa makosa dhidi ya mapinduzi. Muda wote huo Ibara ya 125 ilikuwepo. Ya 127 ilikuwepo. Hakuna aliyejisumbua kuzifuta.

Naanza na kisa hicho kwa sababu mijadala mingi ya katiba ninayoifuatilia huanzia na kuishia kwenye orodha ya haki. Watu wanagombania maneno: haki hii imetajwa, ile imeachwa, ibara fulani ina kifungu cha «isipokuwa». Ni mambo ya maana, siyadharau. Lakini ukitaka kujua kama haki yako ina ulinzi, acha kwanza ukurasa wa haki, nenda kwenye kurasa zinazochosha: nani anamwajiri nani, nani anamfukuza nani, mshahara wa nani unapangwa na nani. Haki ya mtu inaishi mahali ambapo kuna ofisa mwenye uwezo wa kumwambia mwenye nguvu «hapana», na kesho yake asubuhi akarudi kazini, kiti chake kikiwa bado ni chake.

Angalia tena ile meza ya troika. Walikuwa watatu. Kwa hesabu ya vidole, madaraka yalikuwa yamegawanywa. Lakini mkamataji, mshitaki na mwanasiasa walikuwa upande mmoja, wakimtazama mkubwa mmoja, na kila mmoja akijua kwamba akisita, jina lake linaweza kuwa kwenye orodha ya wiki ijayo. Ile ilikuwa kesi ya nyani ambayo hakimu wake ni ngedere, na karani wake ngedere pia.

Shuleni tunafundishwa mihimili mitatu: Bunge linatunga sheria, Serikali inatekeleza, Mahakama inatafsiri. Mchoro wake ni visanduku vitatu vilivyoachana. Mchoro huo unapotosha. Mihimili ikiachana kabisa, kila mmoja unakuwa mfalme katika eneo lake, na raia anabaki na wafalme watatu. Katiba iliyofikiriwa vizuri inafanya kinyume: inaifunga mihimili pamoja, ili hakuna hata mmoja unaoweza kumfikia mtu hadi mwisho bila kuhitaji mkono wa mwingine. Mfuate mtu mmoja tu aliyekamatwa usiku uone.

Polisi aliyemkamata hakutunga kosa. Kosa lilitungwa na bunge, tena kabla ya tendo, wakati bunge halijui kama mtu huyu yupo. Polisi anaweza kumshika, lakini hawezi kukaa naye anavyotaka. Katika nchi nyingi saa 24 au 48 zikiisha lazima amfikishe mbele ya hakimu. Hakimu anaweza kumwachia au kumpeleka rumande, lakini hana polisi wake wala hakumchagua mtu huyu, anasubiri aletewe. Mwendesha mashtaka ndiye anayeamua kama jalada lina kesi, ila hana ufunguo wa gereza. Na askari magereza aliyeko getini, mwenye ufunguo mkononi, hampokei mtu kwa simu ya mkubwa. Anauliza karatasi iko wapi, imesainiwa na nani, tarehe gani.

Swali hilo la askari magereza ni dogo, na mimi naliheshimu kuliko hotuba nyingi. Uhuru wa mtu yule umekaa kwenye viungo, pale jalada linapotoka mkono mmoja kwenda mwingine, kwa kuwa kila kiungo ni nafasi ya mtu mwingine kusema: hili halijakaa sawa.

Ndiyo maana sheria mbaya sana huwa hazitangazi kwamba zinafuta haki. Zinafuta viungo. Tafuta sentensi inayoanza na «Waziri akiridhika kwamba mtu fulani ni hatari kwa usalama, anaweza kuagiza azuiliwe». Neno «akiridhika» linameza kila kitu. Anayetuhumu ni yeye, anayepima ushahidi ni yeye, anayehukumu ni yeye, na ushahidi wenyewe ni kuridhika kwake. Kisha aya mbili mbele utakuta nyingine: «uamuzi huo hautahojiwa katika mahakama yoyote». Sheria ya namna hiyo ni troika iliyovaa suti.

Wengi wanadhani kwamba kabla ya matamko ya haki mtu hakuwa na kinga yoyote dhidi ya dola. Kuna kesi moja ya Uingereza inayoonyesha vinginevyo. Novemba 1762 matarishi wanne wa mfalme, mmoja wao Nathan Carrington, waliingia nyumbani kwa John Entick, mwandishi aliyekuwa akihusishwa na gazeti lililoikosoa serikali. Walikaa ndani saa nne. Walivunja makufuli ya milango, wakafungua makasha na droo, wakasoma barua zake, wakabeba karatasi zake. Hati waliyokuwa nayo ilisainiwa na Lord Halifax, waziri wa mfalme. Hakuna hakimu aliyeiona.

Entick hakuwa na ibara ya faragha ya kunukuu. Nchi ile haikuwa, na mpaka leo haina, katiba iliyoandikwa katika kitabu kimoja. Alichokuwa nacho ni mahakama ambayo waziri hakuweza kuiagiza, na kanuni ya kawaida kabisa kwamba anayeingia kwenye nyumba ya mtu bila haki ni mvamizi. Akawashtaki matarishi wale kwa majina yao. Mwaka 1765 Jaji Mkuu Camden alisikiliza hoja ya serikali, kwamba hati kama zile zimekuwa zikitumika miaka mingi na kwamba dola inazihitaji ili ijilinde. Jibu lake ni mojawapo ya sentensi ninazozipenda sana katika sheria: kama hiyo ni sheria, itaonekana katika vitabu vyetu, isipoonekana humo, si sheria. Raia wa kawaida waliokaa kuamua kesi walishakadiria fidia ya pauni 300.

Mtazame pia tarishi katika kisa hiki. Yeye ndiye aliyeshtakiwa. Hakuweza kujificha nyuma ya waziri na kusema alitumwa. Siku mtumishi wa chini anapojua kwamba amri batili haitamkinga mahakamani, anapata sababu yake mwenyewe ya kuuliza maswali kabla ya kuvunja kufuli. Kinga inashuka hadi mlangoni, na mlangoni ndipo raia anapokutana na dola.

Lakini kwa nini jaji awe na ujasiri? Sipendi nadharia inayotegemea majaji kuwa watu wa ajabu. Majaji ni watu; wana watoto wanaosoma, wana mikopo, wanapenda vyeo. Mfumo mzuri unachukulia kwamba ofisa ni mtu wa kawaida, kisha unampangia mazingira ambamo mtu wa kawaida anaweza kuwa mwadilifu bila kuwa shujaa.

Aprili 1952, vita vya Korea vikiendelea na mgomo ukinukia katika viwanda vya chuma, Rais Harry Truman wa Marekani aliamuru serikali ivitwae viwanda hivyo. Hakuwa na sheria ya Bunge iliyomruhusu. Alidai urais wenyewe unampa mamlaka hayo wakati wa dharura. Wenye viwanda wakaenda mahakamani. Majaji tisa wa Mahakama ya Juu ya nchi ile wote walikuwa wameteuliwa na Truman au na Roosevelt, rais wa chama chake aliyemtangulia. Wanne aliwateua Truman mwenyewe. Juni 2 mahakama ikaamua, sita kwa watatu, kwamba rais hana mamlaka hayo. Katika wale sita walikuwamo wawili wa uteuzi wake, Burton na Clark. Clark alikuwa mwanasheria mkuu wa serikali ya Truman huyo huyo. Viwanda vikarudishwa kwa wenyewe.

Watu huuliza sana nani anateua majaji, na ni swali halali. Kisa hiki kinanifanya nishike zaidi swali la pili: nani anaweza kuwaondoa? Burton na Clark waliteuliwa na Truman, lakini Truman hakuweza kuwafukuza, wala kupunguza mishahara yao, wala kuwahamishia mji wa mbali. Uteuzi ni deni la siku moja. Anayekushikilia kila siku ni yule mwenye uwezo wa kukuondoa. Unapoisoma katiba yoyote, itazame sehemu ya kumwondoa jaji kwa makini kuliko ya kumwapisha. Kisha uliza hata madogo yanayosahaulika: nani anapanga jaji yupi asikilize kesi ipi, nani anaongeza muda wa jaji aliyefikia umri wa kustaafu, mahakama ikitaka fedha za karatasi na umeme inamwomba nani.

Malawi walilijua hilo mwaka 2020. Februari 3 mwaka huo majaji watano walifuta uchaguzi wa rais wa Mei 2019, ambao fomu zake za matokeo zilikuwa zimefutwafutwa kwa wino mweupe wa kusahihishia. Walifika mahakamani ndani ya gari la kijeshi lisilopenya risasi, wakilindwa na wanajeshi. Uchaguzi wa marudio ukapangwa Juni. Siku chache kabla ya kura hiyo serikali ikatangaza kwamba Jaji Mkuu Andrew Nyirenda anakwenda likizo, kisha atastaafu, kwa kuwa siku zake za likizo zilikuwa zimelimbikizana. Hakushtakiwa kosa lolote; alihesabiwa siku za likizo tu. Mawakili wakakimbilia mahakamani, amri ikazuiwa, na uchaguzi ukafanyika Juni 23.

Sasa niende kwenye dharura, kwa sababu hapo ndipo katiba nyingi zimevunjikia. Ujerumani ya mwaka 1919 ilikuwa na orodha ndefu ya haki na pia Ibara ya 48, iliyompa rais uwezo wa kuzisimamisha kwa muda kadhaa kati ya haki hizo usalama ukitishwa. Jengo la Bunge liliungua usiku wa Februari 27, 1933. Kesho yake amri ikatoka, uhuru wa mtu, wa kusema, wa kukutana, faragha ya barua, vyote vikasimamishwa. Havikurejea. Machi 23 Bunge likapiga kura kuipa serikali ya Hitler uwezo wa kutunga sheria bila Bunge, kura 444 kwa 94. Wakomunisti hawakuwemo ukumbini. Walikuwa wamekamatwa au kukimbia. Bunge lilikabidhi kalamu yake kwa mkono wake lenyewe.

Walioandika Sheria ya Msingi ya Ujerumani ya mwaka 1949 walikuwa wameishi ndani ya funzo hilo. Waliuweka utu wa mwanadamu katika ibara ya kwanza kabisa, kisha kwa Ibara ya 79 wakakataza ibara hiyo isiguswe hata kwa marekebisho ya katiba. Mwaka 1951 Mahakama ya Katiba ikawekwa Karlsruhe, mbali na Bonn ilikokuwa serikali.

India ilipita humo kwa njia yake. Juni 1975 hali ya hatari ilitangazwa na wapinzani wa serikali wakawekwa kizuizini kwa maelfu. Familia zikaenda mahakamani kuomba kitu cha zamani sana: mleteni mtu huyu mbele ya jaji, mseme mnamshikilia kwa sheria gani. Mahakama kuu tisa za majimbo zikakubali kuwasikiliza. Serikali ikakata rufaa hadi Mahakama ya Juu.

Jaji H.R. Khanna alimuuliza mwanasheria mkuu wa serikali, Niren De, swali moja. Ikiwa polisi, kwa chuki yake binafsi tu, atamuua mtu, je, kuna nafuu yoyote mahakamani? De akajibu kwamba kwa mujibu wa hoja yake, hapana, maadamu hali ya hatari inaendelea. Soma tena jibu hilo. De hakuteleza ulimi. Hoja ya serikali ilikuwa imefikishwa mwisho wake na mtu mwaminifu kwa hoja.

Aprili 28, 1976 majaji wanne kati ya watano waliikubali hoja hiyo. Khanna peke yake alikataa. Alikuwa wa kwanza kwenye foleni ya kuwa Jaji Mkuu, na desturi ilikuwa ya ukubwa kazini. Januari 1977 serikali ikamruka, ikamteua aliyekuwa nyuma yake. Khanna akajiuzulu. Hukumu ile ilikuja kufutwa rasmi na mahakama hiyo hiyo Agosti 2017, miaka 41 baadaye. Mmoja wa majaji walioifuta ni D.Y. Chandrachud. Baba yake, Y.V. Chandrachud, alikuwa mmoja wa wale wanne.

Kuna jambo la kushika katika kisa hicho, na wanaotegemea mahakama peke yake hawalipendi: mahakama ilishindwa, bunge likasahihisha. Wapiga kura waliiondoa serikali ile Machi 1977, na mwaka 1978 Bunge jipya likarekebisha katiba ili haki ya uhai na uhuru wa mtu isisimamishwe tena hata katika hali ya hatari. Hakuna mhimili ulio mtakatifu. Ulinzi wa raia ni kwamba mmoja ukianguka, mwingine bado umesimama.

Yupo atakayeuliza: majaji hawakuchaguliwa na mtu, kwa nini wawazuie waliochaguliwa na mamilioni? Nalichukua swali hili kwa uzito wote, na nakiri kwamba katika mambo mengi, kodi, bajeti, sera ya elimu, wengi wapewe njia. Lakini kuna kesi ambazo ukiwaachia wengi, umemwachia mmoja afe. Juni 1995 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini, majaji 11 kwa kauli moja, ilifuta adhabu ya kifo katika kesi ya watu wawili waliotiwa hatiani kwa mauaji. Wananchi wengi walikuwa wanaitaka adhabu hiyo, na mahakama ilikubali kwamba huenda ni hivyo. Rais wa mahakama, Arthur Chaskalson, alieleza kwamba kama maoni ya wengi yangetosha, kusingekuwa na haja ya mahakama kuhukumu mambo ya katiba. Haki zinawahitaji zaidi wale ambao hakuna mgombea anayetafuta kura zao, na wauaji waliohukumiwa ni watu wa namna hiyo.

Si wauaji tu. Unity Dow, wakili wa Botswana aliyeolewa na Mmarekani, alikuwa na watoto watatu. Wa kwanza, aliyezaliwa kabla ya ndoa, alikuwa raia. Wawili waliozaliwa ndani ya ndoa hawakuwa raia, kwa sababu sheria ya uraia ya mwaka 1984 ilifuata baba. Mama mmoja, nyumba moja, nchi moja. Bunge lililochaguliwa kihalali ndilo lililotunga hivyo. Serikali ikajitetea kwamba kifungu cha katiba kinachokataza ubaguzi hakikutaja jinsia. Mwaka 1992 Mahakama ya Rufani ikasema kutotajwa hakukuwa ruhusa ya kubagua, na sheria ikarekebishwa mwaka 1995. Ninachokithamini hapa ni kwamba hakuhitaji kukusanya saini milioni moja wala kusubiri uchaguzi. Alihitaji mlango wa masjala ulio wazi na haki ya kuingia peke yake.

Wahenga walisema mwenye nguvu mpishe. Katiba ni watu kukataa kwa maandishi kuishi hivyo. Na kukataa huko kunagharimiwa na watu wenye majina, ambao wanaweza kupigwa risasi, kuhamishwa, kuhesabiwa likizo, au kuogopa tu.

Septemba 1, 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya, chini ya Jaji Mkuu David Maraga, ilifuta uchaguzi wa rais wa Agosti 8, majaji wanne dhidi ya wawili. Ilikuwa mara ya kwanza Afrika kwa mahakama kufuta ushindi wa rais aliye madarakani. Uchaguzi wa marudio ukapangwa Oktoba 26. Wapiga kura watatu wakaiomba mahakama hiyo iuahirishe, na ombi likapangwa kusikilizwa Oktoba 25, siku moja kabla. Jioni ya tarehe 24, dereva wa Naibu Jaji Mkuu Philomena Mwilu alipigwa risasi na kujeruhiwa.

Asubuhi ilipofika, mawakili walikuwa ukumbini na kamera zilikuwa tayari. Majaji wa mahakama hiyo ni saba, na kisheria hawawezi kusikiliza shauri wakipungua watano. Waliofika walikuwa wawili, Maraga na Isaac Lenaola. Mwilu hakuweza kuja. Mwingine alikuwa nje ya nchi kwa matibabu, mwingine alikosa ndege, wengine hawakufika. Maraga alieleza kwamba akidi haikutimia na kwamba shauri haliwezi kuendelea. Siku iliyofuata vituo vya kura vikafunguliwa.